Kipande Kisichodaiwa na Mtu

Nilimwahidi mjomba wangu kwamba nitayaandika maneno ya watu kama watakavyoyatamka wao wenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Ahadi hiyo niliitoa asubuhi moja kwenye ukingo wa Mto Tana, chini kidogo ya kivuko cha Garsen, siku tatu kabla sijaanza kazi ya ukarani katika upimaji wa barabara. Yeye alikuwa akiosha jembe lake majini. Mimi nilikuwa nimevaa viatu na soksi, nikasimama mbali kidogo na tope.

"Karani aliyekuja zamani kwa ule ugomvi wa mpaka," alisema, "alinipa kiti, akaniuliza, wakubali au hukubali? Nikakohoa. Akaandika nimekubali."

"Labda alidhani ndiyo jibu lako, mjomba."

"Nilikuwa na kikohozi! Mtu mwenye kikohozi asikohoe mpaka apewe ruhusa ya serikali?" Alicheka peke yake, kisha akalitazama jembe. "Wewe umesoma. Niahidi. Mtu akisema moja, andika moja."

Nikaahidi, na niliahidi kwa furaha. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka ule ule, na jambo aliloniomba lilikuwa ndilo hasa nililofundishwa huko: kwamba mtumishi wa umma, akishika kalamu, hana mjomba wala shangazi. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa Kipini, na lugha ya Kipini ndiyo niliyonyonya. Lakini mama alizaliwa katika mashamba ya mtoni, na kila likizo ya utoto wangu niliishi kwa huyu kaka yake. Nilimpenda. Kwa sababu nilimpenda, niliazimia kwamba kazini nisimpendelee hata kidogo.

Ilikuwa katikati ya miaka hii ya hamsini. Barabara itokayo Malindi hufika Garsen, huvuka mto kwa pantoni, kisha huendelea hadi Lamu. Kila mto ulipofurika, nchi ya ng'ambo, ule upande wa Lamu, iligeuka ziwa, na magari yakakwama kwa majuma mengi. Nimemwona kwa macho yangu mwanamke akijifungua ndani ya lori lililosubiri maji yapungue. Serikali ikaamua kujenga tuta refu la udongo ili barabara ipite juu ya maji. Tuta hilo lilipaswa kupita katikati ya mashamba ya watu. Nalisema hili mapema ili nisieleweke vibaya: sikuipinga barabara, na siipingi hata leo. Yule mwanamke wa ndani ya lori hanitoki moyoni.

Sheria ya kazi yetu ilikuwa rahisi kuisoma. Mtu ambaye shamba lake lingeliwa na tuta angepewa kipande kingine kwenye ukingo wa mto, cha ukubwa ule ule, mradi awe ameandikwa daftarini kuwa mwenyewe, na awe amedai kwa kinywa chake. Kipande ambacho hakuna aliyekidai kingekuwa cha serikali, na serikali isingekuwa na deni kwa mtu yeyote.

Mashamba ya mtoni si kama mashamba ya kwingine. Kila ukoo una ukanda wake, mwembamba kama mkeka, unaoanzia majini na kurudi nyuma mpaka nchi kavu ya malisho. Mto wenyewe hautulii. Mwaka huu hula ukingo huu, mwakani huongeza tope ng'ambo, na mtu aliyelala ana shamba huamka hana. Kwa hiyo watu wa mtoni wamejiwekea desturi ya kukopeshana ardhi. Aliyeliwa na mto huenda kwa mwenzake akaomba, naye hupewa ukanda apande mpunga au mahindi. Hapandi mgomba, kwa maana mgomba hukaa. Hupanda kile kitakachovunwa na kwisha. Mtu huyo huitwa mgeni wa shamba.

Na mgeni wa shamba ana heshima yake. Tangu mbegu inapoingia ardhini hadi mganda wa mwisho unapotoka, ardhi ile huitwa kwa jina la mgeni. Mwenyewe akipita, hupiga hodi. Hakati hata nyasi za kuezekea bila kuomba. Na kamwe, mpunga ungali umesimama, hatamki mbele ya watu kwamba ardhi hii ni yangu. Akitamka, amemfukuza mgeni wake, na mgeni aliyefukuzwa huuacha mpunga ulivyo na kwenda zake. Hawezi kula chakula kilichoota juu ya fukuzo. Mambo haya niliyajua tangu nikiwa mdogo kiasi cha kubebwa mgongoni. Hakuna aliyenifundisha chuoni, kwa hiyo sikuyahesabu kuwa ni elimu.

Mwaka ule mgeni wa shamba la mjomba alikuwa mjane mmoja wa upande wa Garsen, mwenye watoto watatu, ambaye ukanda wake pamoja na migomba yote ulizama mtoni katika mafuriko ya mwaka uliotangulia. Ukoo wake na ukoo wa mjomba walikuwa watani. Basi hawakukutana bila kutukanana, na aliyewasikia kwa mara ya kwanza angedhani watashikana mashati.

Tulifika kwenye kipande kile na bwana mpima, Mwingereza mrefu mwenye kofia ya jua, na vijana wanne wa kuvuta mnyororo wa kupimia. Maji yalikuwa yamepungua hadi kwenye kifundo cha mguu. Mjane alikuwa akipalilia.

"Hodi shambani," nikasema.

"Karibu, karani. Vua viatu, mpunga haujazoea."

Nikavua. Nikafungua daftari, nikamsomea swali kama lilivyopigwa chapa: "Je, ardhi hii ni yako?"

"Yangu kutoka wapi?" alicheka. "Yangu mto umeimeza, hata haukusema asante. Hapa mimi mgeni. Nimepewa."

Nani kampa? Swali hilo halikuwamo katika fomu, nami sikuliuliza. Nilisema moyoni kwamba jibu nalijua, na kwamba halinihusu kulijua.

Mjomba alikuwa amesimama mpakani, nje ya mpunga. Nilimwendea, nikamwita mzee na si mjomba, kwa kuwa bwana mpima alikuwa akisikiliza.

"Mzee, ardhi hii ni yako?"

"Huoni mpunga? Ni ya yule mwenye mpunga."

"Sikuulizi mpunga. Nauliza ardhi."

"Nami nakujibu ardhi. Tangu lini mpunga ukaota juu ya mkeka?"

Mjane akapaza sauti kutoka kati ya shamba: "Msikilizeni! Leo ananigawia nchi, kesho atakuja kunusa sufuria!"

"Ninyi wa ng'ambo," mjomba akajibu, "mto haukuwala kwa njaa. Uliwala mnyamaze."

Vijana wa mnyororo wakacheka hadi mnyororo ukalegea. Bwana mpima hakucheka. Aliuliza kwa Kiswahili chake: "Mwanamke sema hapana yake. Mzee sema hapana yake. Basi hii shamba ya nani?"

Alinitazama mimi. Jua lilikuwa juu ya daftari, na karatasi ilikuwa nyeupe mno. Nilijua kwamba ukanda ule aliufyeka babu yangu mzaa mama. Nilijua kwamba migomba iliyo ukingoni aliipanda mjomba, na kwamba mitatu kati ya hiyo niliishikilia kwa mikono yangu wakati akishindilia udongo. Lakini niliwaza: huyu ni mjomba wangu, na nikiandika jina ambalo yeye mwenyewe hakulitamka, nitakuwa karani wa jamaa yake. Tena nimeahidi. Akisema moja, niandike moja.

"Wamesema hivyo, bwana," nikajibu.

"Basi hapana ya mtu." Akapigilia kigingi cha mti ardhini. Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu waliusifu: *Kipande hakijadaiwa.*

Siku ile nilirudi nyumbani nimeridhika. Nalikiri hili kwa sababu naona aibu nalo. Nilidhani nimeshinda jaribu.

Majuma matano baadaye orodha ilirudi kutoka ofisini ikiwa imepigwa taipu, ikabandikwa kwenye kibanda cha pantoni. Niliisoma nikiwa miongoni mwa watu waliongoja kuvuka. Kila kipande kilikuwa na nambari, jina la mwenyewe, na mahali atakapohamishiwa. Mbele ya nambari ya kipande kile palikuwa na mstari mtupu, na chini yake maneno kwamba kitachukuliwa bila badala. Aliye na pingamizi afike barazani Garsen mbele ya Bwana Shauri, mwamuzi wa serikali, baada ya siku tisa, aseme kwa kinywa chake.

Siku tisa. Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza umechanua. Ulihitaji majuma manne, au zaidi kidogo.

Nilivuka mara ile ile. Mjomba alikuwa juu ya dungu, ule ulingo wa miti wa kufukuzia ndege, akimsaidia mjane kuulinda mpunga, kwa kuwa ndege walikuwa wengi na watoto wake walikuwa wadogo. Alikuwa na teo mkononi. Nilipanda, nikakaa karibu naye, nikamweleza yote.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaweka donge la udongo kwenye teo, akalirusha, kundi la ndege likaruka.

"Basi nitakwenda kusema," alisema. "Mavuno yakiisha."

"Baraza ni Jumatano ijayo, mjomba."

"Nikisema Jumatano, huyu atakula nini?"

"Utakuwa unasema kwa serikali tu. Yeye anaelewa. Watu wote wataelewa."

"Maneno hayana mlango wa serikali na mlango wa nyumbani. Yakishatoka yametoka."

Nilimwambia kwamba desturi iliwekwa kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya desturi. Nilimwambia kwamba hata dini humruhusu mtu kujiokoa. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyozoea katika midahalo ya chuoni. Alinisikiliza kwa adabu ile ile aliyompa mjane, kama mtu anayengoja mgeni amalize.

Mke wake alifika na chakula, akasikia sehemu ya mwisho. Yeye alikuwa mwanamke wa kusema wazi.

"Adabu yako hiyo mwakani tutaisonga, au tutaitowelea?"

"Mwakani tutaomba kipande kwa watu, kama alivyoomba mwenzetu."

"Watu gani? Wote hapa wanapitiwa na tuta! Utaomba kwa mamba?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu. Siku ile ulikuwapo. Hukujua?"

"Nilijua," nikasema.

"Ukaandika nini?"

"Nikaandika walivyosema."

Alifunika chungu, akashuka kutoka kwenye dungu bila kunikaribisha kula.

Siku ya baraza nilivuka mapema kumchukua mjomba. Jua lilikuwa limekwisha chomoza. Nilipokaribia shamba nikaona kitu ambacho macho hayakukubali mara moja: mjane alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na kisu mkononi, akikata mpunga. Mpunga ulikuwa kijani kibichi. Nilichuma punje moja iliyoanguka, nikaibonyeza, ikatoa maziwa. Alikuwa amekwisha kata mistari miwili, na watoto wake walikuwa wakiibeba miganda na kuitupa nje ya mpaka.

"Unafanya nini, mama?"

"Namfungua mdomo," alisema bila kuinua kichwa. "Shamba likiwa tupu, atasema."

"Na watoto?"

"Watoto wana mama yao. Nisaidie au nipishe."

Natamani ningeweza kuandika kwamba nilimkamata mkono. Sikumkamata. Nilisimama mpakani nikapima kwa macho: mistari mingapi imebaki, baraza litafunguliwa saa ngapi, na kama ningemwita mke wa mjomba na wale vijana wa mnyororo, je, tungemaliza. Kwa muda wa kama dakika mbili nilikuwa tayari kuufyeka mwaka mzima wa chakula cha watoto watatu ili kuifuta sentensi yangu moja.

Mjomba alikuja akiwa amevaa kanzu nyeupe na kofia. Aliona. Hakupiga hodi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiingia katika shamba la mgeni bila kupiga hodi. Alitembea ndani ya tope hadi mbele ya kisu, akajikalisha chini kati ya mpunga, kanzu na yote.

"Kata na mimi," alisema.

"Mtani wangu, ondoka. Kanzu itaoza."

"Kanzu si mpunga."

"Nitakupitishia kisu kweli, mzee wewe! Sikutanii leo."

"Mimi nakutania? Nimekaa kwenye maji na suruali moja niliyo nayo."

Mjane alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akaketi naye pale pale, akafunika uso kwa kanga. Walikaa hivyo kwenye matope, watu wazima wawili, watani. Mtoto mmoja alirudi na mikono mitupu akauliza kama aendelee kubeba. Mama yake akasema: "Basi. Yaliyokatwa wapelekeeni mbuzi."

Tulivuka sote watatu. Tope lilikuwa limekauka kwenye kanzu ya mjomba ilipofika zamu ya kipande chake. Bwana Shauri alikaa mezani katika kivuli cha kibanda cha pantoni, watu wameketi chini mbele yake. Alikuwa mtu mtaratibu, wala hakumkatiza yeyote. Alisoma nambari. Mjane akasimama kabla ya kuitwa.

"Ni ya huyu," akasema, na kumwonyesha mjomba. "Mimi nilipewa nilime tu. Ardhi ni yake, aliachiwa na baba yake."

"Vema," akasema Bwana Shauri. "Mzee, ni kweli? Waidai ardhi hii?"

Mjomba alisimama. "Bwana Shauri, niulize baada ya mavuno."

Watu wakacheka, wengine kwa kuelewa na wengine kwa kutoelewa.

"Serikali haiwezi kuungoja mpunga, mzee."

"Na mpunga hauwezi kuingoja serikali, bwana."

Kicheko kikazidi, na hata Bwana Shauri alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka, akagonga kalamu mezani. "Nataka neno moja. Waidai, au huidai?"

Mjomba aliangalia chini. Mjane alimvuta kanzu, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika na wote: "Sema, mzee. Sema, nimekusamehe." Lakini yeye hakujibu. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba alikuwa mkaidi. Mimi niliyekuwa karibu naye niliona midomo yake ikitetemeka, na si midomo ya mtu mkaidi.

Nikainuka mezani pa makarani. Nilisema kwamba mimi nakijua kipande kile, kwamba alikifyeka babu yangu, na kwamba mzee huyu ni mwenyewe bila shaka yoyote. Nilieleza desturi ya mgeni wa shamba tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wengi waliitikia kwa vichwa.

Bwana Shauri alilifungua daftari, akaligeuza upande wangu.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, bwana."

"Siku ulipoandika kwamba hakijadaiwa, ulikuwa wajua haya unayosema leo?"

"Nilikuwa najua."

"Na mzee huyu ni nani kwako?"

"Ni mjomba wangu."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alisema kwamba karani aliyeficha alilolijua siku ya kuuliza hawezi kuaminiwa siku ya kudai, hasa akimdaia ndugu yake. Na kwamba iwapo atalipokea neno langu leo, itambidi kulitilia shaka daftari zima, lenye vipande vya watu wengi ambao wamekwisha ahidiwa ardhi yao. Kisha akapita kwenye nambari iliyofuata. Nilikaa na kuendelea kuandika, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Mpunga ulivunwa siku ishirini na mbili baadaye, ukiwa umepungua ile mistari miwili tu. Siku mganda wa mwisho ulipotoka shambani, mjomba alikuja nyumbani kwangu Garsen mchana. Ile kanzu ilikuwa imefuliwa, lakini alama za tope zilibaki kwenye pindo. Alikataa kiti.

"Sasa niandike," alisema. "Ardhi ile ni yangu. Nilipewa na baba yangu, naye aliifyeka mwenyewe kwa mikono yake. Naidai."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko chumba, kama mtu aliyelibeba neno kwa muda mrefu kichwani na sasa analitua. Daftari halikuwa kwangu. Lilikuwa limefungwa na kupelekwa. Niliandika kwenye karatasi ya barua, akatia dole gumba. Niliipeleka ofisini mwenyewe. Waliipokea, wakaipiga mhuri wa kuonyesha tarehe, na tarehe ile ile ndiyo iliyotumika kuikataa.

Kiangazi kilipoingia, malori yalileta udongo. Tuta lilianza kivukoni likaenda moja kwa moja, na kipande kile kikawa chini yake, pamoja na migomba. Siku hizi magari hupita mafuriko yakiwapo, na wagonjwa hufika hospitali. Nami nimepita juu yake mara nyingi. Mjane aligawa mavuno yake mafungu mawili, akapeleka moja nyumbani kwa mjomba bila kuulizwa, kisha akahamia Chara kwa ndugu zake. Mjomba hulima ukanda wa kuazima, mwaka huu kwa huyu, mwakani kwa yule, na hapandi migomba. Mke wake hunipokea vizuri nikienda kuwatazama. Hunipikia. Ila tangu siku ile ya dungu haniiti tena mwanangu, huniita karani.

Niliendelea na kazi, kwa kuwa niliona kuikimbia ni kujipa raha. Katika saa za mapumziko nilianza kusoma majalada ya barabara, mifereji na madaraja yaliyojengwa kwingine kabla ya yetu, nione watu waliochunguza habari za kutwaa ardhi waliuliza nini. Ya zamani huuliza ukubwa wa ardhi tu. Yanayofuata huhesabu miti na nyumba. Yaliyo mapya zaidi yana kurasa juu ya malalamiko na namna ya kuyamaliza upesi, na machache, mwishoni kabisa, huwa na ukurasa mmoja juu ya desturi za wenyeji, umeandikwa baada ya uamuzi kutolewa, kama mtu anayekumbuka kuaga akiwa tayari yuko njiani. Katika yote niliyoyasoma, sikumkuta aliyechunguza msimu wa kuuliza. Wala sikumkuta aliyeuliza ni mambo gani karani alijua akayaacha.

Nimeandika ombi kwa niaba ya mjomba mara tatu. La tatu ndilo lililojibiwa kwa maneno yenye tumaini kidogo: kwamba shauri linaweza kufunguliwa upya, na kipande cha badala kutolewa, iwapo watapatikana mashahidi wawili wasio ndugu zake, waliolima kwenye kipande kile au jirani nacho kabla ya tuta na wanaoweza kusema ni nani aliyekuwa mwenyewe. Mjane amekubali kuwa wa kwanza, naye atatoka Chara siku yoyote atakayoitwa. Wa pili sijampata. Majirani wa zamani walitawanyika. Wengine wako Ozi, wengine Kipini, wengine sijui waliko. Mjomba amezeeka, na mwaka huu hakupanda dungu.

Kipande chenyewe kilikuwa upande wa Lamu, ukanda wa tatu ukishuka kutoka kivuko cha Garsen. Ewe msomaji, ikiwa uliwahi kulima hapo jirani, au mzazi wako alilima, nakuomba uje useme.